Kubana Matumizi si Kuchuma

Karatasi za Kiingereza zinazoambatana na injini za mitumbwi, friji au jenereta hupenda kulisifu bidhaa kwa neno "economical". Katika michanganuo ya miradi inayopelekwa benki hutokea ndugu yake, "economic". Wafanyabiashara wengi huyafasiri yote mawili kuwa "ya kiuchumi", na hapo ndipo fedha zinapopotea.

"Economical" ni sifa ya kitu kinachotumia kidogo: mafuta kidogo, umeme kidogo. "Economic", ikitajwa juu ya mradi au bei, maana yake inalipa: mapato yanafidia gharama na kumwachia mwenye mtaji faida. Injini yaweza kula mafuta kidogo, lakini mtumbwi ukirudi mtupu, safari hiyo hailipi.

Kwa wafanyabiashara wa Musoma mfano upo ufukweni. Anayeanika dagaa mchangani hatumii hata shilingi kununua miti wala nyavu. Amebana matumizi. Lakini dagaa wenye mchanga huishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya chini, na mvua ikinyesha mzigo huharibika. Anayejenga vichanja hutoa fedha kwanza, kisha huuza dagaa safi wa kuliwa na watu. Hesabu ya kupiga ni moja: tofauti ya bei kwa gunia, mara magunia ya msimu, itarudisha gharama ya kichanja baada ya muda gani?

Wenye viwanda vya sangara wamelipitia somo hilo. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 vikwazo vilirudi, safari hii kwa sababu ya uvuvi wa sumu Ziwa Victoria. Viwanda vikaingia gharama za usafi na upimaji. Gharama hizo hazikubana matumizi hata kidogo, lakini ndizo zilizosaidia kurudisha soko.

Kiswahili chenyewe kinatuonya: uchumi umetokana na kuchuma. Safu hii inamshauri mwekezaji mdogo anayeambiwa kitu fulani ni cha kiuchumi aulize maswali mawili: kinaokoa nini, na kinaingiza nini? Muuzaji akijibu la kwanza tu, asitoe fedha.