Mzee kauliza swali, sisi tukamzomea!

NDUGU zangu wa vijiweni, leo nawasema nyinyi, na najisema mwenyewe.

Jioni moja tulikuwa kwenye kahawa Magomeni, mada Muungano. Vijana tumepandisha mori: serikali tatu, serikali tatu! Mzee mmoja, kikombe mkononi, akauliza taratibu: "Wanangu, hizi mbili tu kuzilisha ni kazi. Hiyo ya tatu atailipa nani?"

Tulimjibu nini? "Mzee CCM huyo!" "Kapewa kofia na fulana!" Kijiwe kizima kicheko. Mzee akalipa kahawa yake, akaondoka. Wenzake wawili wakainuka nyuma yake, kimya. Mimi nami nilikuwa nacheka.

Swali lile lilikuwa na jibu. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 2013, ilipunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7, na ikautajia Muungano chanzo cha mapato: ushuru wa bidhaa. Aliyeisoma angesema: "Mzee, hofu yako ina msingi, gharama ipo. Lakini serikali yenye mambo saba haihitaji utitiri wa wizara, na fungu lake limetajwa." Mzee angeuliza, je, ushuru huo utatosha? Hapo mkweli angekiri kwamba hilo lilibishaniwa sana mwaka 2014, na wenye akili walikuwa pande zote mbili. Kukiri hivyo si kushindwa.

Watawala tunawalaumu, na ni haki yetu, kwamba ukiwauliza swali wanakujibu kwa vijembe au kwa virungu. Sasa sisi tukijibu kwa zomeazomea, tofauti yetu nao ni nini? Rangi ya fulana?

Tukumbuke tulikotoka. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, karibu watu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kibaki. Waliotaka mageuzi walikuwa kama wawili tu. Ingekuwa wingi wa sauti ndio unaoamua, vyama vingi visingeruhusiwa mwaka 1992. Tume ilipima hoja za wale wachache, ikapendekeza vyama vingi. Upinzani umezaliwa kwa sababu wachache walisikilizwa. Leo sisi ndio wa kumziba mzee mdomo?

Kwa hiyo kijana, ukiulizwa hadharani, kijiweni au ndani ya daladala, mwache muulizaji amalize. Palipo na ukweli katika swali lake, mkubalie kwanza. Kisha mjibu unachokijua, kwa tarakimu na mwaka. Usichokijua sema, "hilo sijui, nitalitafuta," halafu ulitafute kweli. Na usimwangalie anayekupigia makofi, huyo ni wako tayari. Mwangalie aliyenyamaza pembeni. Huyo ndiye kura.

Wiki iliyofuata nilimfuata mzee yule. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya ushuru na yale mambo saba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Bado hujaniridhisha, mwanangu," alisema. "Lakini leo umenijibu."

Akamwita muuza kahawa, akaagiza vikombe viwili. Tukaendelea kubishana mpaka adhana ya magharibi.