Kudoea Intaneti ya Jirani: Kosa la Sheria au Kosa la Ujirani?

Kiswahili kina neno ambalo wanasheria wetu wangefaidika nalo: kudoea. Kudoea si kuiba, wala si kuomba. Mdoezi havunji mlango na hapigi hodi. Hutokea tu chakula kinapopakuliwa, akajisogeza karibu, akala. Hapana shaka neno hili ndilo linalofaa kueleza tabia iliyozagaa katika vitongoji wanamopanga wanafunzi, kuanzia Nyanchwa na Jogoo mjini Kisii hadi Keroka na Nyamira. Mwanafunzi afungua rununu yake, aona mtandao wa jirani usiokuwa na nywila, naye ajiunganisha bila kumwambia mtu. Je, amevunja sheria?

Hebu tuitazame sheria yenyewe. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinamtia hatiani mtu anayeufanya mfumo wa tarakilishi utende kazi kwa kukiuka hatua za kiusalama, akikusudia kuufikia, hali akijua kwamba hana idhini. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Msomaji makini ataona kwamba mambo mawili yanatakiwa kwa pamoja: kukosa idhini na kukiuka ulinzi. Mdoezi wetu idhini hana. Lakini amekiuka ulinzi gani, ilhali jirani hakuweka wowote? Kwa maoni yangu, maneno ya kifungu hiki hayamfikii mtu anayejiunga na mtandao ulioachwa wazi. Anayebahatisha nywila, akajaribu jina la mtoto wa jirani au nambari yake ya simu mpaka ikakubali, huyo ni mtu mwingine kabisa. Amekwisha kuvunja kufuli, na faini ya mamilioni yamhusu.

Nchi nyingine hazikuiona tofauti hii kwa jicho hilo. Uingereza, kwa mfano, ilitunga Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003, ambayo inaadhibu kupata huduma ya mawasiliano kwa njia isiyo ya uaminifu na kwa nia ya kukwepa malipo. Mnamo 2005 mahakama moja mjini London ilimtoza mtu faini ya pauni 500 kwa kutumia mtandao wa mwingine bila ruhusa. Ujerumani nayo ilimgeukia mwenye mtandao: mwezi Mei 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba mtu binafsi alikuwa na wajibu wa kuulinda mtandao wake usiotumia waya, na kwamba wengine wakiutumia kupakua kazi zenye hakimiliki, yeye angeweza kudaiwa hadi yuro 100 za gharama za onyo la kisheria.

Uamuzi huo wa Ujerumani unatufunza jambo ambalo wadoezi wengi hawalifikirii. Intaneti si ugali, kwamba ukishaliwa umekwisha. Kila kinachotendwa kupitia ruta ya jirani huacha alama, na alama hizo huelekea kwa aliyejiandikisha kuwa mwenye laini. Mtu akitumia mtandao huo kutapeli au kumtukana mwenzake, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kubishiwa mlango na wapelelezi. Hata pasipo uhalifu, wanafunzi kumi wanaotazama filamu usiku humpunguzia kasi mtu aliyelipa kwa jasho lake, pengine mwalimu anayetuma alama za mtihani au mama anayezungumza na mwanawe aliye ughaibuni. Mdoezi hamwoni anayemdhuru, na kwa sababu hiyo hudhani hakuna aliyedhurika.

Wapo watakaouliza: mwanafunzi asiyekuwa na kitu afanye nini, na kazi zake zote siku hizi zasomwa na kutumwa mtandaoni? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa mahubiri. Wahenga wa Abagusii walikuwa na egesangio, utaratibu wa majirani kulimiana mashamba kwa zamu. Asiyekuwa na ng'ombe wala jembe la kukokotwa hakuvizia shamba la mwenzake usiku. Aliingia katika kundi, akatoa nguvu zake, naye zamu yake ikafika. Ploti yenye vyumba kumi na viwili yaweza kufanya vivyo hivyo: wapangaji wachange, walipie laini moja, wagawane nywila na wakubaliane juu ya matumizi. Palipo na jirani mwenye laini tayari, mwanafunzi anaweza kumwendea, amwombe, na amsaidie mtoto wake masomo ya Kiswahili jioni. Ruta nyingi za siku hizi huruhusu kufungua mtandao wa wageni wenye nywila yake, hivi kwamba mwenyeji hutoa bila kuhatarisha mambo yake ya ndani.

Si kwamba namtetea mwenye mtandao asiyejali. Aliyenunua ruta na kuiacha bila nywila amejiweka hatarini, na ni wajibu wa jirani anayejua mambo haya kumweleza. Hapo ndipo sisi wanafunzi tunapoweza kuwa wa manufaa mahali tunapopanga, kwa kuwa wengi wetu twaifahamu mitambo hii kuliko wazee wetu. Lakini uzembe wa mwenye nyumba haugeuki kuwa mwaliko. Katika utamaduni wetu mtu hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, tena hungoja kuitikiwa karibu. Sheria ya 2018 imeuliza tu kama kufuli imevunjwa. Swali la kama hodi imepigwa tumeachiwa sisi, na sioni sababu ya kungoja Bunge litujibie.