MCHEZA KWAO HUTUZWA

Wapo watu wanaodhani kwamba ubingwa wa mpira wa miguu katika nchi yetu ni mali ya urithi, itokayo Msimbazi kwenda Jangwani na kurudi tena Msimbazi, na kwamba timu nyingine zote zimealikwa ligini ili kutimiza hesabu. Dhana hiyo ni potofu. Mwenye shaka na aukumbuke msimu wa 2013/14 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara.

Timu 14 zilishindana mwaka ule. Tarehe 20 Oktoba, 2013, Simba na Yanga zilikutana mjini Dar es Salaam. Yanga ilifunga mabao matatu kabla ya mapumziko. Simba ikayarudisha yote katika kipindi cha pili. Mchezo huo ulizungumzwa vijiweni, katika magari na makazini. Lakini wakati watu wakibishana juu ya watani hao wawili, Azam ilikuwa ikikusanya pointi zake kimya kimya. Tarehe 13 Aprili, 2014, katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, iliifunga Mbeya City mabao 2 kwa 1, ikawa bingwa kabla ligi haijamalizika. Siku sita baadaye watani walikutana tena wakatoka sare ya bao 1 kwa 1, na kombe lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe.

Hesabu za msimu huo zafaa kutazamwa kwa makini. Azam ilicheza michezo 26, ikashinda 18, ikatoka sare 8, isifungwe hata mmoja. Ilipata pointi 62. Yanga ilipata 56. Mbeya City, iliyokuwa ikicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya tatu kwa pointi 49. Simba ilikuwa ya nne kwa pointi 38, ijapokuwa mfungaji bora wa ligi nzima, Amissi Tambwe wa Burundi, aliyefunga mabao 19, alikuwa mchezaji wake. Hapo pana fundisho: hodari mmoja hawezi kuokoa jahazi ikiwa mabaharia wengine hawavuti kamba pamoja.

Azam haikushuka kutoka mbinguni. Ilianza kama timu ya wafanyakazi wa kampuni, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi, ikawalea vijana, ikangoja. Katikati ya msimu ule Mwingereza Stewart Hall aliondoka, na kazi ya ukocha ikashikwa na Mkameruni Joseph Omog. Hata hivyo nyumba haikuyumba, kwa sababu nguzo zake hazikuwa mtu mmoja.

Watu watasema kwamba Azam ilikuwa na tajiri nyuma yake. Ni kweli, wala hatukatai kwamba fedha ni nguvu. Lakini tunawauliza wasemao hivyo: je, Mbeya City ilikuwa na tajiri gani? Ile ilikuwa timu ya Halmashauri ya Jiji, chini ya mwalimu Juma Mwambusi, na watu wa Mbeya waliishika kama mboni ya jicho. Waliifuata uwanjani kwa wingi wakivaa rangi zake. Timu ya namna hiyo iliwapita Simba kwa pointi 11. Na kabla yake Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ilikwisha kutwaa ubingwa mwaka 1999 na mwaka 2000.

Basi kwa nini mlango uliofunguliwa mwaka 2014 ulifungwa tena? Kuanzia msimu wa 2014/15 hadi ule wa 2024/25, misimu 11, ubingwa haukutoka nje ya Simba na Yanga. Mbeya City iliondokewa na wachezaji na mwalimu wake, ikashuka daraja mwaka 2023. Mtibwa nayo ikaifuata mwaka 2024. Zote mbili zilipanda tena mwaka 2025, lakini kupanda na kushuka si maendeleo.

Hatuwalaumu Simba na Yanga. Vilabu hivyo ni wazee wa mpira wetu na vina heshima yao. Lawama tunaielekeza kwetu sisi wenyewe. Mfanyakazi wa kiwandani huiona timu ya kiwanda chake ikifanya mazoezi kila jioni, na wachezaji anawajua kwa majina. Lakini siku wageni wakubwa wanapotoka Dar es Salaam, yeye huvaa jezi ya wageni na kuizomea timu ya nyumbani. Wageni wakiondoka, na yeye huondoka. Mchezo unaofuata viti ni vitupu. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Je, sisi tunamtuza nani?

Ligi yenye mabingwa wawili tu ni sawa na shamba lenye miti miwili: ikiugua yote pamoja, wenye shamba watalala na njaa. Timu ya taifa huchuma wachezaji katika timu zote, siyo katika mitaa miwili ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo twasema hivi. Halmashauri, viwanda na majeshi yenye timu yazipe mipango ya miaka mingi, siyo ya msimu mmoja. Viongozi wa vilabu wawape wananchi hesabu za fedha bila kuombwa. Na kila mfanyakazi apendaye mpira, hata kama moyo wake uko Msimbazi au Jangwani, anunue tiketi walau mara moja kwa mwezi kuitazama timu ya mahali anapoishi, na ashangilie kwa sauti. Yaliyofanyika mwaka 2014 yalifanywa na watu, na watu wanaweza kuyafanya tena.