Wimbo Hauhukumiwi kwa Umri

Kijana msomaji, hapa Eldoret ziko kambi mbili zisizopikika chungu kimoja. Wazee, ngao yao ni methali isemayo "Ya kale ni dhahabu". Kila wimbo usikikao leo katika matatu za Barabara ya Uganda, kwao ni kelele. Vijana hujibu "Kipya kinyemi, ingawa kidonda", nao huona haya kusikiwa wakiimba wimbo wa bibi zao. Kambi zote mbili zimepotea, na kosa lao ni moja: huuliza umri wa wimbo kabla ya kuusikiliza.

Na tupime nyimbo chache.

"Chemirocha" uliimbwa na wasichana wa Kipsigis, na Hugh Tracey akainasa sauti yao mwaka 1950. Wengi huuita wimbo wa asili. Lakini jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikiwa kwa santuri, likageuzwa na ulimi wa wenyeji. Basi hicho tukiitacho cha kale kilikuwa kipya siku yake, tena cha kuazima! Uzuri wake ni kwamba walioazima walijitungia kitu chao wenyewe.

"Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji ulivuma mwaka 2002. Neno hilo lina mzizi wa Kijaluo na viungo vya Kiingereza, na mpenda lugha safi huguna. Aguneje, ikiwa "Chemirocha" humpendeza? Amsifuye bibi kwa kuazima na kumlaumu mjukuu kwa kosa lilo hilo, mizani yake ina hila.

"Malaika", uliopata sifa kwa sauti ya Fadhili William, ni kilio cha kijana asiye na mali ya kuoa. Shida hiyo haijazeeka, na wimbo nao haujazeeka.

"Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, wa mwaka 1982, ni mchangamfu, lakini humkaribisha mgeni tu. Mwenyeji haumwachii neno la kufikiri. Umri hauusaidii.

"Taunet Nelel" wa Emmy Kosgei, yaani Mwanzo Mpya, ni wimbo wa dini ulioimbwa kwa Kikalenjini. Nausifu, kwa sababu umemwaibisha kila asemaye kuwa lugha ya nyumbani haifai ila kwa mambo ya kale.

Wimbo wa Taifa letu, uliotungwa mwaka 1963, ulichukua sauti yake katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Lau watunzi wangaliudharau wimbo wa mama jikoni, tungalisimama leo chini ya bendera kwa sauti gani?

Jambo hili linakuhusu wewe. Shuleni wimbo wa bibi hufufuliwa mara moja kwa mwaka, siku ya mashindano. Cheti kikipatikana, hufungiwa kabatini pamoja na mavazi ya ngozi. Huko si kuhifadhi, ni kuzika kwa heshima. Bibi naye hangoji: akiondoka, huondoka na nyimbo zake.

Basi nenda ukaketi naye. Inase sauti yake kwa simu, uulize maana ya kila neno, kisha uimbe pasipo kungoja cheti, na ukipenda utie maneno yako. Nawe mzee, usikilize wimbo wa mjukuu wako hadi mwisho. Ukiisha, ndipo uhukumu.