Si "Yuko Nyumbani Tu": Mama Ana Kazi, na Mtoto Ana Haki ya Kucheza



Vijana wenzangu wa Malindi, Mambrui, Watamu, Takaungu mpaka Kilifi mjini, kuna neno la herufi mbili linalowaonea dada zetu kila siku. Neno lenyewe ni "tu". "Si yuko nyumbani tu?" "Auza mahamri tu." "Ashinda kwa kompyuta tu." Ukisikia hiyo "tu", jua kuna kazi ya mtu imefutwa.

Hebu tuihesabu. Mama wa mahamri Shela au Maweni ameamka kabla ya alfajiri. Unga umeumuka, mafuta yachemka, wateja wa asubuhi wangoja. Pembeni ya jiko yuko mwana wa mwaka na nusu, amejua kutembea juzi, kila akionacho ataka kukishika. Nyumba ya pili kuna dada ashona madera. Ya tatu kuna aliyesoma, akakosa ajira, sai afanya kazi za mtandaoni: anaandika maneno kutoka kwa sauti zilizorekodiwa, au anasomesha Qur'ani kwa simu watoto walioko Ulaya. Wote watatu wana mteja anayengoja, na wote wana mtoto anayevuta nguo akisema "mama, mama, mama".

Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi, na Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa, wenye ofisi nao waliletwa nyumbani. Wiki moja haikuisha wakaanza kulia: kazi haiendi, mtoto hatulii. Dunia nzima iliwahurumia. Lakini mama wa mahamri alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, na hakuna aliyemuuliza aliwezaje.

Sasa huyu mama afanye nini na mtoto? Wengi wampa simu aangalie katuni, na sisi twawasema: "mama wa siku hizi". Ni kweli simu haimfai mtoto mdogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kushika, kuonja, kumwaga, kuanguka na kuona uso wa mtu unaomjibu. Katuni haimjibu.

Lakini muangalie yule mama vizuri kabla ya kumhukumu. Mafuta ya moto yako hatua mbili. Simu ndiyo ukuta pekee alio nao kati ya mwanawe na lile karai. Badala ya kumuuliza kwa nini amempa simu, tujiulize ni nani aliyemwacha peke yake.

Wengine watasema, "Mbona wazee wetu walilea bila makelele haya?" Walilea, ndiyo, lakini hawakulea peke yao. Palikuwa na ua, nyanya, shangazi, na jirani aliyekuwa na ruhusa ya kumkanya mwana wa mwenziwe. Leo watu wako kwenye chumba kimoja cha kupanga, na nyanya mwenyewe yuko sokoni atafuta. Tumeondoa mikono yote, kisha twamlaumu aliyebaki na miwili.

Dini yetu haikuacha jambo hili. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humuweka chini, akisimama humbeba tena. Na alikuwa akiingia kwenye swala akitaka kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua uzito unaompata mamake. Tafakari hapo. Swala ya jamaa, nyuma ya Mtume, ilifupishwa kwa ajili ya mama mmoja na mtoto wake. Na sisi barza na mpira wa jioni hatuwezi kuvifupisha? Qur'ani nayo, Suratul Baqara aya ya 233, inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na inawataka wazazi washauriane juu ya mtoto.

Sheria pia iko wazi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, na kinasema jukumu la kumkimu ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au la. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja kucheza kuwa haki. Kwa hivyo mtoto akicheza hafanyiwi hisani. Ni haki yake, na kila haki ina mtu anayedaiwa. Hapa wadaiwa ni watatu.

Wa kwanza ni sisi wanaume wa nyumbani: baba, kaka, mjomba. Neno "kusaidia" nalo tuliangalie, kwa sababu mtu hasaidii kulea mwanawe. Ulizeni mama saa zake ngumu ni zipi, kisha shikeni zamu kwa saa zilezile. Mtoto hahitaji vya dukani. Kifuu cha nazi na mchanga, mwiko na sufuria kuukuu, makopo ya kufungua na kufunga, hivyo vyatosha. Maji kidogo ya beseni pia huyapenda, lakini usimwachie hata dakika moja, maji huua hata yakiwa machache. Kinachohitajika ni mtu mzima aliyekaa chini naye, simu ikiwa mfukoni.

Wa pili ni mtaa na msikiti. Watoto wakubwa wakiwa shule asubuhi, vyumba vingi vya madrasa huwa vitupu. Kwa nini visiwe mahali pa wadogo kuchezea kwa saa mbili tatu? Pwani yetu ina historia hii. Katika miaka ya 1980 Waislamu wa Mombasa walishirikiana na Aga Khan Foundation kuanzisha chekechea za madrasa. Bi Swafiya Said akafundisha kina mama wa mitaani kuwa walimu, na vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vya hapa hapa. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Sharti liwe moja: usalama wa mtoto. Mlango wazi, watu wazima wawili kila wakati, majina yaandikwe, na wanaolea walipwe. Tusije tukahamisha dhuluma kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwengine.

Wa tatu ni kaunti, na hapa wengi hawajui. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea, na katika orodha hiyohiyo vimetajwa vituo vya kulea watoto. Chekechea huanza miaka minne. Je, wa mwaka mmoja mpaka mitatu ni wa nani? Kila mwaka kaunti hupeleka mpango wa maendeleo kwenye bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi wana haki ya kutoa maoni. Twaenda kuulizia barabara na maji, vizuri. Safari hii mmoja wetu asimame aulize: Soko la Malindi lina kina mama wangapi wenye watoto migongoni, na chumba cha watoto kiko wapi? Swali liandikwe, lipelekwe kwa mwakilishi wa wadi, na jibu litakwe kwa maandishi.

Twapigania vijana wasionewe mitaani, na hatutaacha. Lakini haki haianzi mlangoni ikienda nje. Kuna mtu humo ndani anakaanga kwa mkono mmoja na kuzuia mtoto kwa mwengine. Kesho asubuhi, kabla hujatoka, keti chini na huyo mtoto nusu saa. Kisha utwambie kama ile ni kazi au ni "tu".

Wabillahi tawfiq.