Usimpatie kila mtu ufunguo wa simu yako

Ndugu wasikilizaji, ninyi mlioko kambini na ninyi mlio katika familia zinazowapokea, kwa mkimbizi wa vita simu si pambo. Ndani yake mna pesa ya M-Pesa ao Airtel Money, picha ya karata ya mchaguzi iliyobakia nyumbani, na namba za watoto waliopotezana na wazazi njiani. Anayeingia ndani ya simu hiyo ameingia ndani ya familia nzima.

Vijana wengine wanasema dawa ni kuondoa mfumo wote wa simu na kuweka mwingine. Mifumo hiyo iko kweli. LineageOS inaendesha simu fulani ambazo kiwanda kimeacha kuzihudumia. GrapheneOS inalinda siri vizuri, lakini inawekwa tu kwenye simu za Google Pixel. Wangapi kati yetu wanazo? Tena kazi hiyo inafuta kila kitu: picha, namba, ujumbe. Na yule unayemwachia simu kwenye kibanda anaweza kutia programu usiyoijua. Kwa maoni yangu, tusianzie hapo.

Tuanze na kile tulicho nacho. Ingia «Paramètres», tazama «Autorisations»: programu ya tochi inatafuta nini katika namba za watu wako? Iondolee ruhusa. Ile usiyoitumia, ifute. Ficha maneno ya ujumbe yasionekane kwenye kioo simu ikiwa imefungwa. Weka namba ya siri ya simu, na nyingine ya kadi SIM, ili mwizi asiingize kadi hiyo kwenye simu nyingine na kuchukua WhatsApp yako. Ukikosea mara 3, SIM inadai kodi ya PUK; iandike mahali salama. Na GBWhatsApp mnayotumiana kwa Xender, iacheni: haikutengenezwa na wenye WhatsApp.

Lakini mwenye bunduki akikuamuru ufungue simu, utafungua. Hakuna namba ya siri inayoweza jambo hilo. Basi neno linaloweza kumwua mtu lisilale ndani ya simu. WhatsApp inakubali ujumbe ujifute baada ya saa 24. Tutumie njia hiyo.

Ninyi vijana wenye ujuzi, kabla ya kuuza mfumo mpya, wafundisheni mama zenu hatua hizi. Hazidai hata franka moja.