Kamera Isiyobisha Hodi



Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mitihani ya taifa ilingoja. Watahiniwa wa KCPE waliifanya Machi 2021, wameketi madarasani mbele ya wasimamizi. TOEFL, mtihani wa Kiingereza wanaoufanya vijana wanaotafuta vyuo vya ng'ambo, haukungoja. Mwaka huo wa 2020 ulianza kufanyiwa nyumbani, msimamizi akiwa mbali akimtazama mtahiniwa kwa kamera ya kompyuta. Leo hata mwanafunzi wa shule ya mtandaoni huweza kutakiwa afanye mtihani kwa njia hiyo.

Kabla ya kuanza, mtahiniwa huizungusha kamera chumba kizima. Kisha mlango hufungwa, asiingie mtu wala isisikike sauti. Kanuni za TOEFL ya nyumbani zilitaka hata masikio yaonekane, ijapokuwa mtahiniwa amevaa kilemba au hijabu ya dini yake.

Masharti hayo yanamfikaje binti wa mtaa wa Lindi, Kibera, ambaye chumba anachosomea ndicho mama anachopikia, ndicho mtoto mchanga anacholala, ndicho dada anachobadilishia nguo? Sura ya An-Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Jicho la kamera nalo ni mgeni.

Hofu hii haiko kwetu peke yetu. Agosti 2022, mahakama ya shirikisho huko Ohio, Marekani, iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Cleveland State kilivunja haki ya kikatiba ya mwanafunzi kilipomtaka aonyeshe chumba chake kwa kamera kabla ya mtihani.

Kuiba mtihani ni khiyana, na msimamizi ana haki ya kuuzuia. Mzazi naye ana haki yake. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Basi usitie saini mpaka umeuliza: picha hizi zitawekwa wapi, na kwa muda gani? Je, yuko msimamizi wa kike? Kiko kituo ambako binti aweza kufanyia mtihani badala ya nyumbani? Umeme ukikatika, atapewa nafasi nyingine? Omba majibu kwa maandishi, uyahifadhi.

Elimu ya mtoto ni amana, na sitara ya nyumba ni amana. Zote mbili zimo mikononi mwako.

Wassalaam.